Kupanga Nafasi za Namba kwa SPSS, Stata na R: Maswali Ambayo Amri Haikuulizi

Kupanga nafasi huonekana kuwa kazi nyepesi kuliko kazi zote za takwimu. Una safu ya namba, unataka kujua ipi ni ya kwanza, ipi ni ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Programu zote za takwimu zina amri ya kufanya hivyo, na mara nyingi amri yenyewe haizidi mstari mmoja. Ugumu umejificha katika mambo ambayo amri huyaamua yenyewe iwapo hukuiagiza vinginevyo: nani awe wa kwanza, mwenye namba kubwa au mwenye namba ndogo, waliofungana wapewe nini, asiye na namba awekwe wapi, na je, nafasi zipangwe kwa orodha nzima au ndani ya kila kundi. Nimekuwa nikiwasaidia walimu na wanafunzi wa shahada za juu kuchambua data zao, na karibu kila ninapoletewa nafasi "zisizoeleweka" hukuta kwamba programu imetenda sawasawa na walivyokusudia walioitunga. Makusudio yao tu ndiyo hayalingani na haja ya mtumiaji.

Sababu yake ni ya kihistoria. Nafasi ziliingia katika takwimu kwa ajili ya vipimo visivyotegemea umbo la mgawanyo wa data: kipimo cha uhusiano cha Charles Spearman cha mwaka 1904, kipimo cha Milton Friedman cha 1937, cha Frank Wilcoxon cha 1945, cha Mann na Whitney cha 1947, na cha Kruskal na Wallis cha 1952. Vyote hivyo huanza kwa kuzibadilisha namba kuwa nafasi, na vyote huhitaji nafasi za aina moja. Programu za takwimu za SPSS, Stata, SAS na R zilitungwa na watu waliokuwa na vipimo hivyo akilini, kwa hiyo amri zake, usipoziongezea neno, hutoa nafasi zinazofaa kwa vipimo hivyo. Mwalimu wa taaluma anayetaka kujaza ripoti za wanafunzi ana shughuli nyingine kabisa.

Tuchukue darasa dogo la mfano lenye wanafunzi wanane. Asha amepata alama 88; Baraka, Chausiku na Daudi wamepata 75 kila mmoja; Eliza na Farida wamepata 62; Godfrey amepata 41; na Halima hakufanya mtihani, kwa hiyo kisanduku chake kiko wazi. Katika Stata, mtu mwenye haraka ataandika hivi:

egen nafasi = rank(alama)

Godfrey, aliyepata alama chache kuliko wote, anakuwa wa 1. Eliza na Farida wanakuwa wa 2.5, wale watatu wenye 75 wanakuwa wa 5, na Asha anakuwa wa 7. Halima hapewi nafasi. Hakuna kosa hata moja hapo. Stata imehesabu kuanzia chini kwenda juu, na waliofungana imewapa wastani wa nafasi ambazo wangezishika kama wasingefungana: Eliza na Farida walikuwa wagawane nafasi ya 2 na ya 3, kwa hiyo kila mmoja amepata 2.5. SPSS hufanya vivyo hivyo, na R, SAS na pandas (maktaba ya kuchambua data ya lugha ya Python) pia, kila moja ikiachwa bila maelekezo. Excel ndiyo iliyokwenda upande mwingine: RANK.EQ huhesabu kuanzia namba kubwa, na waliofungana huwapa wote nafasi ya juu. Ndiyo maana mwalimu aliyezoea Excel hushangaa sana siku anapohamia SPSS.

Swali la kwanza, basi, ni la mwelekeo, nalo halina jibu moja hata ndani ya Afrika Mashariki. Kwa alama za mtihani tunataka kubwa iwe ya kwanza. Lakini tukiingia kwenye pointi za kidato cha nne Tanzania, mambo yanageuka: A ni pointi 1 na F ni pointi 5, zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na daraja la kwanza huanzia pointi 7 hadi 17. Mwenye pointi 7 ndiye bora kuliko wote. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, A ni pointi 12 na E ni pointi 1, kwa hiyo mwenye pointi nyingi ndiye wa kwanza. Mtafiti anayelinganisha shule za Namanga ya upande huu na ya upande ule, akatumia amri moja kwa safu zote mbili, atakuwa amezipanga shule za upande mmoja kuanzia zilizofanya vibaya, na programu haitamwambia neno, kwa sababu kwayo 7 ni namba tu.

Katika SPSS mwelekeo huandikwa kwa herufi moja ndani ya mabano, A kwa kupanda na D kwa kushuka:

RANK VARIABLES=alama (D)
  /RANK INTO nafasi
  /TIES=LOW.

Wanaotumia menyu huingia Transform, kisha Rank Cases, na chaguo hilo huliona pembeni pameandikwa kama nafasi ya 1 iende kwa thamani ndogo au kubwa. Wengi hulipita bila kulisoma. Ninapendelea amri ya kuandika kwa sababu hiyo: miezi mitatu baadaye, mtu akiuliza nafasi zilipangwaje, herufi D ipo pale pale kwenye faili, ilhali mbofyo wa kipanya haumkumbuki mtu. Usipoandika INTO, SPSS yenyewe hubuni jina la safu mpya kwa kutanguliza herufi R mbele ya jina la zamani, nawe utajikuta na safu iitwayo Ralama ambayo hakuna anayejua imetoka wapi.

Katika R njia fupi ni kuweka alama ya kutoa mbele ya safu, rank(-alama), na katika Stata vilevile, rank(-alama). Stata ina pia vibadala viwili vilivyochukuliwa uwanja wa riadha. Ukiandika field, namba kubwa ndiyo ya kwanza, kama katika kuruka na kurusha. Ukiandika track, namba ndogo ndiyo ya kwanza, kama katika mbio, ambamo dakika 3:32.2 za Filbert Bayi katika mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 zilikuwa bora kwa sababu zilikuwa chache. Kwa alama tunahitaji field, na kwa pointi za NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, tunahitaji track. Vibadala hivyo viwili hubadilisha pia namna ya kuwashughulikia waliofungana, jambo ambalo rank(-alama) pekee haifanyi, na hapo ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe.

Kuna namna tano zinazotumika kwa sare, na kwa darasa letu, tukihesabu kuanzia juu, zinatoa picha tano tofauti. Kwa wastani, Asha ni wa 1, wale watatu ni wa 3, Eliza na Farida ni wa 5.5, na Godfrey ni wa 7. Kwa nafasi ya juu, ambayo SPSS huiita LOW na R huiita min, wale watatu wote ni wa 2, Eliza na Farida ni wa 5, na Godfrey anabaki wa 7. Hii ndiyo desturi ya shule zetu, ambamo wawili wakifungana nafasi ya pili anayefuata anakuwa wa nne. Kwa nafasi ya chini, HIGH au max, wale watatu wanakuwa wa 4 na kina Eliza wa 6. Kwa nafasi zisizoruka, CONDENSE katika SPSS na dense katika SAS na pandas, kina Baraka ni wa 2, kina Eliza ni wa 3, na Godfrey ghafla ni wa 4, ingawa wenzake sita wako mbele yake. Namna ya tano huwatenganisha waliofungana kwa nguvu ili kila mtu awe na nafasi yake, kuanzia 1 hadi 7.

Namna hii ya mwisho naiogopa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayotoa orodha safi yenye kumvutia mkuu wa shule. Katika Stata ni kibadala unique, nayo huwatenganisha waliofungana bila kufuata kanuni yoyote inayohusiana na alama zao. Katika R ni ties.method = "first", ambayo humpa nafasi ya mbele aliyetangulia kwenye orodha. Orodha za madarasa zikiwa zimepangwa kialfabeti, kama ilivyo kawaida, Abdallah atamshinda Zuhura kila watakapofungana, muhula baada ya muhula, kwa kosa la wazazi wake Zuhura kuchagua jina linaloanza na Z. Kibadala random angalau hakina upendeleo, lakini hutoa jibu tofauti kila amri inapoendeshwa, isipokuwa umetanguliza set.seed, amri inayoifanya R irudie bahati nasibu ile ile.

Kwa ripoti za shule, basi, ningeandika rank(alama), field katika Stata, TIES=LOW pamoja na D katika SPSS, na katika R mstari huu:

nafasi <- rank(-alama, ties.method = "min", na.last = "keep")

Kwa vipimo vya kitakwimu ningeacha wastani mahali pake, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa maana nimeona watu wakiuondoa kwa kuwa 5.5 "haipendezi". Nafasi za watu saba, bila sare, zikijumlishwa hutoa 28, yaani 7 mara 8 gawanya kwa 2. Kwa wastani, jumla hiyo haibadiliki hata sare ziwe ngapi: 1, na 3 mara tatu, na 5.5 mara mbili, na 7, zinatoa 28 ile ile. Kwa nafasi ya juu zinatoa 24, na kwa nafasi ya chini zinatoa 32. Kipimo cha Wilcoxon na kile cha Kruskal na Wallis hulinganisha jumla za nafasi za makundi dhidi ya jumla inayotarajiwa, kwa hiyo ukitumia LOW umeivuruga mizani kabla ya kupima chochote. Programu zenyewe hutumia wastani kwa siri zinapoendesha vipimo hivyo, na ndiyo maana mtu anayepanga nafasi kwa LOW kisha akakokotoa kwa mkono hupata jibu lisilolingana na la programu.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo katika kipimo cha Spearman. Kanuni inayofundishwa vyuoni ni 1 kutoa 6 mara jumla ya mraba wa tofauti za nafasi, gawanya kwa n(n² − 1). Kanuni hiyo ni sahihi kabisa pale tu pasipo na sare. Tuseme wanafunzi wanne wana nafasi 2, 2, 2 na 4 katika hisabati, watatu wakiwa wamefungana, na nafasi 1, 2, 3 na 4 katika fizikia. Tofauti ni 1, 0, −1 na 0. Jumla ya mraba wake ni 2. Kanuni inatoa 0.80. Lakini ukichukua nafasi hizo hizo ukazikokotolea uhusiano wa Pearson, kipimo cha kawaida cha uhusiano wa safu mbili za namba, ambayo ndiyo maana halisi ya kipimo cha Spearman, unapata 0.77. Programu itakupa 0.77, na mwanafunzi aliyekokotoa kwa kanuni ya darasani atadhani programu imekosea. Mwelekeo nao huingia hapa: ukipanga safu moja kwa kupanda na nyingine kwa kushuka, uhusiano chanya utaugeuza kuwa hasi.

Sasa Halima. Alama yake haipo, na amri za kupanga nafasi humwacha bila nafasi (katika R ndiyo kazi ya na.last = "keep" tuliyoiandika), mradi programu ijue kwamba haipo. Shida ni kwamba mara nyingi haijui. Wanaoingiza data za utafiti wana mazoea ya kuandika 99 au 999 mahali pa jibu lililokosekana, na kama hukuitangazia SPSS kwa amri ya MISSING VALUES kwamba 999 si alama, Halima atakuwa wa kwanza darasani. Walimu huandika 0, na hapo anakuwa wa mwisho, jambo ambalo ni uonevu wa aina nyingine, kwani aliyelazwa hospitali siku ya mtihani halingani na aliyeufanya akapata sifuri. Wengine huandika ABS kama NECTA inavyofanya, nayo huleta matokeo ya ajabu: neno moja hilo hutosha kuifanya R iisome safu nzima kama maandishi, kisha iipange kama kamusi inavyopanga maneno, 100 ikitangulia 41, na 41 ikitangulia 9. Stata angalau hukataa kupanga nafasi za maandishi na kutoa ujumbe wa kosa, nami naushukuru ukali wake.

Katika Stata kuna mtego mmoja zaidi, unaowanasa wale wanaokwepa egen. Wao huandika gsort -alama, kisha gen nafasi = _n, yaani wanapanga orodha na kuhesabu mistari. Visanduku vilivyo wazi huenda chini ya orodha lakini huhesabiwa, kwa hiyo Halima anakuwa wa 8 katika mtihani ambao hakuufanya, na wote waliofungana wametenganishwa bila kanuni. Vilevile Stata huihesabu thamani iliyokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hata ukiuliza count if alama > 75 utajibiwa 2, Asha na Halima.

Wanaoanza R huchanganya pia rank na order. Kwa namba 62, 88 na 41, rank hutoa 2, 3, 1, yaani nafasi ya kila namba. Order hutoa 3, 1, 2, yaani namba ya tatu ndiyo itangulie, kisha ya kwanza, kisha ya pili. Ni majibu ya maswali mawili tofauti, na kwa kuwa yote ni namba kuanzia 1 hadi 3, kosa halionekani kwa macho.

Kuhusu makundi sina mengi ya kusema. Nafasi ndani ya kila mkondo hupatikana kwa bysort mkondo: mbele ya egen katika Stata, kwa BY mkondo baada ya jina la kigeu katika SPSS, na kwa group_by katika dplyr, kifurushi cha R, ikifuatiwa na min_rank(desc(alama)). La kukumbuka ni kwamba group_by huendelea kufanya kazi hadi uiondoe kwa ungroup.

Kazi iliyo jirani ni kugawa watu katika matabaka sawa kwa kufuata nafasi zao, kama zinavyofanywa kaya katika tafiti za afya na demografia, ambamo faharasa ya utajiri, yaani namba inayoonyesha hali ya mali ya kaya, hugawanywa katika matabaka matano, kila moja likiwa na asilimia 20 ya watu. Ni asilimia 20 ya watu, wala si ya kaya zilizohojiwa, kwa hiyo mgawanyo huo huhitaji uzito wa sampuli pamoja na idadi ya watu wa kila kaya, na xtile ya Stata hukubali kupewa uzito, ilhali ntile ya dplyr haina mahali pa kuuweka. Ntile ina tabia nyingine: hulazimisha makundi yawe na ukubwa sawa hata ikibidi kaya mbili zenye faharasa ile ile ziwekwe matabaka tofauti. Xtile huziacha pamoja na kuvumilia makundi yasiyo sawa. SAS, kupitia PROC RANK na kibadala GROUPS=5, huhesabu matabaka kuanzia 0 hadi 4, jambo linalowachanganya wote wanaolinganisha majedwali yao na ya mwenzao anayetumia Stata.

Sare zenyewe hutegemea pia namna namba zilivyohifadhiwa. Shule nyingi huchanganya alama za mazoezi na za mtihani kwa uzito, tuseme asilimia 30 na 70, na matokeo yake ni desimali. Kompyuta huhifadhi desimali katika mfumo wa namba mbili, ambamo sehemu moja ya kumi haina umbo kamili; ukiiuliza R kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3, itajibu FALSE. Kwa hiyo wanafunzi wawili wenye 71.4 kwenye karatasi wanaweza kutofautiana katika tarakimu ya kumi na sita, na mmoja akawa wa 6 na mwenzake wa 7. Dawa yake ni kukadiria hadi desimali mbili kabla ya kupanga, lakini usikadirie kupita kiasi: ukizifanya namba kuwa nzima kwa sababu ndivyo zinavyoonekana kwenye ripoti, mwenye 74.6 na mwenye 75.4 watafungana ilhali mmoja kamzidi mwenzake waziwazi. Mimi hupanga kwa jumla ya alama badala ya wastani pale wote walipofanya masomo sawa, kwani alama za masomo zikiwa namba nzima, jumla yake nayo ni namba nzima na tatizo halizuki.

Mwisho ni wale wanaotaka sare ivunjwe kwa kanuni, kwa mfano waliofungana kwa jumla wapangwe kwa alama ya hisabati. Ni kanuni halali ikiwa imetangazwa kabla ya mtihani. Njia inayofanya kazi katika programu zote ni kutengeneza safu moja ya ufunguo, jumla mara 1000 ujumlishe hisabati, kisha kuipanga safu hiyo kwa kushuka. Kwa kuwa hisabati haizidi 100, haiwezi kamwe kumpandisha mtu juu ya aliyemzidi kwa jumla. Anayetaka kuongeza somo la tatu katika ufunguo huo ndani ya Stata aanze na gen double, aina inayohifadhi tarakimu nyingi zaidi, kwa sababu aina ya kawaida ya float huhifadhi namba nzima kwa usahihi hadi 16,777,216 tu, na jumla ya 560 ikizidishwa mara 1000 mara mbili imeshafika milioni 560, ambako wanafunzi waliotofautiana kwa alama moja huweza kuonekana tena wamefungana.